Masaa manne Nansio na akina mama 28: naomba msaada wa ratiba

Mhazini_Buzuruga

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mhazini wa kikoba cha akina mama hapa Buzuruga, Mwanza. Mwaka huu tumevunja kikoba vizuri, yaani tumegawana akiba, hakuna aliyekimbia na mkopo, kwa hiyo kikao kikapitisha tufanye safari badala ya ile pilau ya kila mwaka ambayo lazima iishie kwenye ugomvi wa nyama. Tumekodi boti Jumamosi ya wiki ijayo, Mwanza hadi Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Nahodha anasema tutafika saa sita kasoro, na saa kumi kasoro anapiga honi. Atakayebaki amebaki. Kwa hiyo nchi kavu tuna masaa manne.

Tupo 28. Watatu ni bibi zetu, mmoja wao anatembelea mkongojo. Mmoja ana mtoto wa miezi saba. Wanne hawajawahi kupanda chombo chochote cha majini zaidi ya kivuko cha Kamanga. Mimi nimezaliwa Mwanza, ziwa naliona kila siku dirishani kazini, lakini Ukerewe sijawahi kukanyaga. Mnicheke tu.

Shida ni kwamba kila mtu ana safari yake kichwani. Katibu anataka twende Ukara, kisiwa kingine cha jirani, tukaone jiwe linalocheza. Mwenyekiti, ambaye ana miaka 67, anasema yeye kafuata dagaa, mengine mtajua wenyewe. Wadogo wanataka kuogelea na kupiga picha. Kuna mmoja kasikia habari za jumba la watemi, wale machifu wa zamani, Bukindo. Na wote wananipigia mimi kwa sababu hela ziko kwangu.

Mnaoijua Nansio, masaa manne yanatosha nini? Halafu kuna mwenzetu tangu tutangaze safari anatuma kwenye grupu picha za MV Bukoba, ile meli iliyozama, kila asubuhi. Huyo nimjibu nini?

Kijana_wa_Igoma

Ukara, dada! Ukifika Ukerewe bila kuliona jiwe la Nyaburebeka hujafika. Kodini Noah mbili, mnawahi Bugolora, mnavuka, mnaona jiwe, mnageuza. Masaa manne mengi sana hayo.

MamaKulwa_Mwaloni

Mwanangu mhazini, hongera kwa kuvunja kikoba salama, maana cha kwetu kilivunjika chenyewe.

Huyo kijana msamehe. Hajawahi kushusha akina mama 28 kwenye boti. Bugolora iko kaskazini ya kisiwa, na mkifika mnasubiri kivuko, hakiwasubiri nyinyi. Mkivuka mpo Bwisya, jiwe bado. Saa kumi kasoro honi inalia Nansio, katibu wako yuko Ukara anapiga picha.

Mimi nanunua dagaa na machungwa Nansio, nauza Kirumba Mwaloni, soko la samaki hapo Mwanza. Mwaka wa kumi na nne sasa. Kwa hiyo nitakueleza ninavyoijua, si ya kwenye picha.

Kwanza, masaa yako si manne. Boti ikigusa gati, makuli wanaruka ndani kabla nyinyi hamjatoka, kila mmoja ana mzigo alioahidiwa. Mtabanana hapo kwenye ngazi, bibi wa mkongojo atasema yeye anashuka mwisho, mwenye mtoto atakuwa ananyonyesha. Nusu saa imekwenda. Kurudi hivyohivyo, nusu saa kabla ya honi muwe mmeshahesabiana. Umebaki na matatu. Panga kwa matatu.

Pili, na hili ndilo hakuna atakayekwambia: angalia mwezi. Dagaa wa ziwani anavuliwa kwa taa. Anafuata mwanga, anakusanyika chini yake, wavu unamzunguka. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi haina faida, kwa hiyo watu wanapumzika. Ukifika Nansio kipindi cha giza, asubuhi mitumbwi inaingia imejaa, kila uwazi umetandikwa dagaa wanang'aa mpaka macho yanauma, wanawake wameinama na mafagio, kila mtu ana hela na kila mtu ana haraka. Ukifika kipindi cha mbalamwezi ni mji mwingine. Mitumbwi imevutwa juu, watu wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, dagaa waliopo ni wa wiki iliyopita na bei imepanda. Hakuna kibaya hapo, ila mwenyekiti wako anayetaka dagaa tu ajue mapema anakwenda kwenye mji upi.

Akiwakuta, mwambie asinunue kwa macho. Achukue konzi, asugue kati ya viganja viwili, amwage. Mchanga ukibaki kwenye mistari ya kiganja, huyo kaanikwa chini, na utautafuna mpaka Krismasi. Wa kwenye chanja anaacha vumbi lake tu la fedha. Halafu amvunje mmoja katikati. Akikatika kwa mlio kama njiti, kakauka. Akipinda kwanza, ana maji ndani, atavunda guniani kabla hamjafika Buzuruga. Aliyegeuka kahawia kanyeshewa mvua. Muuzaji atasema ni jua kali. Mwache aseme.

Machungwa: msikatae ya kijani. Watu wa mjini wanachagua la manjano, mwenye shamba anacheka kimoyomoyo. Huku kwetu hakuna baridi ya kuligeuza rangi, chungwa linaiva likiwa na ukijani wake. Lipime mkononi. La ganda jembamba lililo zito kuliko unavyolitegemea, hilo ndilo.

Sasa nikwambie kwa nini nimekomaa na habari ya kutofika mbali. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa bado nina damu ya ujana, mzigo nimeshapakia, magunia sita, bado kuna saa mbili na nusu. Kijana wa bodaboda akanishawishi twende Handebezyo nikaone mawe. Alitaka elfu kumi, nikamshusha mpaka saba, nikajiona mjanja. Kwenda tulikwenda. Mawe ni mazuri, sikatai. Kurudi mnyororo ukakatika. Kijana akachuchumaa, akaufunga kwa waya, ukakatika tena, akaufunga tena. Nikaanza kutembea. Honi ya kwanza niliisikia nikiwa njiani na viatu mkononi. Nilipofika gatini, boti ilikuwa imeshageuza, povu lake jeupe bado liko kwenye maji. Magunia yangu sita yakaenda Mwanza bila mimi. Nilipoyakuta kesho yake yalikuwa matano, na mpaka leo hakuna aliyeniambia la sita liliteremkia wapi, katikati ya ziwa.

Lakini usiku ule nililala kwa mama aliyekuwa ananiuzia dagaa. Kilikuwa kipindi cha giza. Baada ya ugali akaniambia njoo uone kinachokulisha. Tukasimama mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia. Ziwani taa zimeanzia karibu kabisa mpaka kule jicho linapoishia, nikahesabu zikapita mia nikaacha. Wakati ule zilikuwa bado karabai, zile za kupampu, upepo ukigeuka unasikia zinavuma na harufu ya mafuta ya taa inakuja juu ya maji. Siku hizi ni za betri na sola, hazivumi. Mama yule akanionyesha: taa zinakaa zimetulia, zimetulia, halafu moja inaanza kusogea taratibu kuelekea mwenzake. "Hapo wanafunga," akasema. Miaka mitatu nanunua dagaa na sikuwahi kujua wanatoka vipi majini, kwa sababu kila siku nilikuwa nawahi boti.

Hilo nyinyi hamtaliona kwa safari ya mchana, lipangieni mwakani mlale. Safari hii kaeni mjini Nansio na mwaloni. Sato wa kukaanga na ugali wa muhogo mtaupata kwa mama ntilie karibu na gati, ila atangulie mtu mmoja aagize, 28 mkiingia kwa mkupuo mtakula saa tisa.

Kuhusu anayetuma picha za MV Bukoba, usimzomee. Mwaka 1996 mimi nilikuwa binti, naijua ile wiki ya Mei. Makaburi yako Igoma, huwezi kumwambia mtu wa Mwanza asiogope. Na ile ya MV Nyerere, Septemba 20, 2018, ilikuwa siku ya gulio Bugolora, watu wanarudi Ukara na mahitaji yao. Kivuko cha watu kama 100 kilibeba zaidi ya mara mbili. Kilipinduka kimeshakaribia gati la Bwisya, watu nchi kavu wanakiona. Wakafa 228. Fundi wa mitambo alitolewa hai siku mbili baadaye. Mimi dagaa wangu wengine walikuwa wanatoka Ukara, sitaendelea.

Kwa hiyo wewe mwenye hela ndiye mwenye sauti. Kabla hujamalizia malipo, panda kwenye boti, muulize nahodha inabeba wangapi kwa cheti chake, hesabu maboya kwa mkono wako, na uone kama kuna la mtoto. Akikwambia "mama usijali", hapo ndipo ujali. Na mkikaribia gati waambie akina mama wakae walipo. Mtu akiona nchi kavu anakimbilia upande mmoja na mzigo wake. Chombo kidogo hakipendi hivyo.

Nesi_Mstaafu

Hao wanaotaka kuogelea wakatazeni, na wala siwatishi na mamba. Ni kichocho. Vidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini, vinaingia kupitia ngozi ndani ya dakika chache na huhisi chochote. Maji yaliyotulia yenye matete, yanayopendeza kwenye picha, ndiyo mabaya zaidi. Atakayeingia majini hata hivyo, baada ya wiki 6 hadi 8 aende kituo cha afya wapime choo. Kikionekana dawa ipo, prazikwanteli, wanampima uzito au kimo wanampa.

Wanaoogopa kutapika: wasipande na njaa, wasipande na chapati tano. Wakae katikati ya boti, waangalie mbali ziwa linapokutana na mbingu, waache simu.

Mkerewe_Temeke

Nasoma hapa nacheka na kuumia. Kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya maziwa ya Afrika, mnakipa masaa manne kama kituo cha daladala.

Mama Kulwa kasema kweli karibu yote. Ila Bukindo si mbali kama Ukara, watu wachache wanaweza kwenda na kurudi kwa bajaji wakiwahi. Lile jumba la ghorofa lilikuwa la watemi wetu. Nendeni na heshima, pigeni hodi, ulizeni kwanza ndipo mtoe simu. Bibi yangu alikuwa akipita mbele yake anashusha mzigo kichwani, na utemi ulikuwa umeshafutwa siku nyingi.

Mwakani njooni kwa gari: Magu, Bunda, Kisorya, mnavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, mnaingia Nansio na mnalala. Na mjifunze kutofautisha. Si kila mtu hapo gatini ni Mkerewe. Kuna Wajita, kuna Wakara, Wasukuma nyinyi mmejaa. Mkara ukimwita Mkerewe atakuonyesha.

Mhazini_Buzuruga

Mama Kulwa shikamoo, na wabeja sana. Nimesoma mara mbili, nikampelekea mwenyekiti kwa sauti, amesema huyo mama namtaka kwenye kikoba.

Mwezi: nimemuuliza jirani yangu Mwislamu, kasema Jumamosi itakuwa tarehe 16 ya mwezi mwandamo. Nikahesabu vidole nikaelewa. Mbalamwezi.

Boti nimekwenda jana na daftari. Nahodha alisema "mama usijali". Nikamwambia hapo ndipo nimeanza. Maboya ya wakubwa 40 nimeyahesabu, la mtoto halikuwepo, ameahidi litakuwepo Ijumaa na nimebakiza nusu ya malipo mpaka nilione.

MamaKulwa_Mwaloni

Marahaba mwanangu. Nusu ya malipo, hapo umekuwa.

Mbalamwezi basi. Dagaa mwenyekiti asahau, au anunue kidogo cha kuonja. Lakini mtawakuta wavuvi nchi kavu, na mvuvi aliyeko nchi kavu mchana ana nafasi ya kuongea, jambo ambalo kipindi cha giza hulipati, wamelala kama wafu. Wapelekeeni sigara au soda, kaeni.

Kijana_wa_Igoma

Kwa hiyo jiwe basi? Sawa. Mimi bado nasema mngewahi.

Mhazini_Buzuruga

Tumerudi jana. Naandika nikiwa nimekaa kwa sababu miguu haipo.

Kwenda ziwa lilikuwa shwari kama limepigwa pasi. Tuliupita mwamba wa Bismarck tukiimba, nje ya ghuba nyimbo zikapungua, wawili wakatapika (wa chapati, nesi ulisema). Boya la mtoto lilikuwepo, limeandikwa kwa kalamu ya wino, nadhani lilinunuliwa Ijumaa usiku. Tulipokaribia Nansio nikasimama nikapaza sauti kila mtu akae, na aliyekuwa wa kwanza kukaa ni yule wa picha za MV Bukoba. Alikuwa amenishika gauni tangu Mwanza.

Bukindo walikwenda sita kwa bajaji mbili, katibu akiwaongoza kama fidia ya jiwe. Walipiga hodi. Wamerudi na picha za nje na adabu nyingi, sina la kuongeza.

Sisi wengine tulikula. Nilitanguliza mtu, na bado tulisubiri, lakini sato alikuwa wa asubuhi, nyama yake inaachia mfupa yenyewe. Machungwa tulichagua ya kijani, muuzaji akaniangalia akasema "nani kakufundisha?" Nikasema nina mama yangu Mwaloni.

Ninachotaka kuwasimulia ni cha mwenyekiti. Baada ya chakula nikamtafuta, sikumwona. Nikamkuta mwaloni, chini ya mwembe, wavuvi wanne wameutandaza wavu mapajani wanashona. Wavu wa dagaa macho yake ni madogo, mbu anapita kwa shida. Yeye alikuwa amesimama anawaangalia, mkoba kwapani. Halafu akamwambia mmoja, "Hilo fundo lako litafunguka." Kijana akacheka, akamwambia bibi njoo basi ushone wewe. Akakaa. Akavua viatu, akaubana ukingo wa wavu kwa kidole gumba cha mguu ili ukazike, akachukua ile sindano yao ya mbao, akapitisha uzi, akavuta, akapima jicho kwa ncha ya kidole kidogo, akafunga, akaenda la pili. Haangalii mikono, anaongea nao. Sisi tumesimama mdomo wazi. Miaka tisa niko naye kikoba kimoja, namjua kwa marejesho ya mkopo na vitenge, sikuwahi kujua kwamba kakulia kisiwani Kome na baba yake alikuwa mshona nyavu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Alishona pale zaidi ya saa nzima, mpaka tundu lililokuwa linaingia kichwa cha mtu likafungika lote.

Kijana akavuta wavu kwa nguvu kulijaribu fundo, halikufunguka, akasema tu "bibi" na akaenda kumletea soda.

Honi ilipolia alikuwa wa mwisho kuinuka. Kwenye ngazi nilihesabu 28 na mtoto, nikahesabu tena. Kurudi upepo ulikuwa umeamka, boti ikarukaruka, wanawake wakasali kwa dini zote mbili, yeye amelala usingizi na mikono inanuka shombo.

Dagaa alinunua kisado kimoja. Aliwasugua kiganjani, akawavunja, akasema hawa ni wa wiki iliyopita lakini watafaa.

Mama Kulwa, wamepitisha kwenye boti kwamba mwakani tunalala, kipindi cha giza. Mwenyekiti anasema uje naye umwonyeshe hizo taa za sola, yeye anazijua karabai tu. Na machungwa yamebaki viroba viwili, aliye karibu na Buzuruga aje kabla ya Jumatano, watoto wanayafanyia mpira.